Chokaa Nje ya Uzio

Siku watu wa idara ya barabara walipokuja kutusikiliza, ukumbi wa kanisa ulijaa kuliko misa ya Pasaka. Walitandaza ramani juu ya meza zile zile tunazolia kamba wa kuchemsha siku ya sherehe ya parokia, wakazikandamiza pembeni kwa vikombe vyetu vya kahawa zisijikunje. Kila mtu alikuwa akitafuta paa la nyumba yake kwa kidole. Barabara mpya ilichorwa kwa rangi nyekundu. Ilipita kwenye mgongo wa ardhi iliyoinuka nyuma ya kanisa, ikavuka kinamasi juu ya nguzo, ikaenda mpaka nchi kavu huko kaskazini ambako watu hulala kimbunga kikipiga.

Sisi wa Pointe Sorelle hatukuhitaji kuelezwa faida yake. Barabara tuliyo nayo iko chini, imebanwa na bayu, mto wetu wa maji yaliyolala, upande mmoja na mfereji upande wa pili. Upepo wa kusini ukivuma kutwa, hata kabla mvua haijaanguka, maji ya chumvi yanapanda juu ya lami. Ukichelewa kufunga mizigo, umebaki. Mume wangu Ovide alifia kwenye barabara hiyo. Tulikuwa kwenye foleni ya magari tukikimbia kimbunga, maji yamefika kwenye milango ya pikapu, mbele hakuendeki wala nyuma hakurudiki, moyo wake ukasimama mkono ukiwa kwenye usukani. Gari la wagonjwa lilikuwa ng'ambo ya maji. Tuliliona. Taa zake zilikuwa zinazunguka, nalo halikuweza kuvuka.

Kwa hiyo shemeji yangu Alcide, mdogo wake Ovide, ambaye ndiye diwani wetu, alinitaka nizungumze kwa niaba ya wote.

"Mimi nikisimama wataona mwanasiasa," aliniambia. "Wewe ukisimama, shemeji, wataandika."

Kabla sijaitwa, alisimama mwanamke mmoja wa idara, Bi Pruett, mrefu, viatu vyake vina tope la kwetu. Yeye ndiye aliyefanya tathmini ya mazingira. Alitusomea aliyoyakuta kwenye njia ile nyekundu: ndege wanaotaga kwenye nyasi, matuta ya chaza, mialoni ya kale, na makaburi ya parokia yetu. Hapo akatusifu. Alisema watu wake walipita mara tu baada ya Sikukuu ya Watakatifu Wote, wakakuta kila kaburi limepakwa chokaa mpya, hivyo ikawa rahisi kwao kuona makaburi yanaanzia wapi na yanaishia wapi. Barabara ingepita nje ya uzio, chini ya mialoni, na isingegusa kaburi hata moja.

Ukumbi ukawa kimya. Nadhani mgeni alidhani tumeridhika.

Chini ya mialoni ile tunapaita kwa Wadogo. Ndiko walikozikwa watoto waliokufa kabla ya kubatizwa, enzi zile padre hakuruhusu wawekwe kwenye ardhi iliyobarikiwa. Hawakuandikwa kwenye kitabu cha kanisa, hawakuwekewa jiwe. Mama mtu alizungushia magamba ya chaza, basi. Na kila sikukuu ile, tunapopaka makaburi chokaa na padre anapita akinyunyiza maji ya baraka, padre anaishia kwenye uzio, nasi na ndoo zetu tunaishia hapo hapo. Hakuna aliyetukataza kupaka huko nje. Bibi zetu hawakupaka, mama zetu hawakupaka, nasi tukaona chokaa ni ya waliobarikiwa. Mgeni anayefuata weupe ataona mizizi na majani makavu tu.

Binti wa Elmire yuko pale. Elmire ni jirani yangu, na ni shoga yangu tangu darasa la kwanza. Mimi ndiye niliyekuwa niwe mama wa ubatizo wa mtoto yule. Nilikuwa nimeshamshonea gauni jeupe, na ndilo alilozikwa nalo. Sasa miguu ya Elmire imevimba, hatoki nyumbani ila kwa kushikwa, na asubuhi ya mkutano aliniambia dirishani, "Mimi sitafika, shoga. Lakini wewe si upo."

Nilipoitwa, nilieleza kifo cha Ovide vizuri. Watu walilia, hata mmoja wa wale wahandisi alivua miwani. Nikiwa bado nimeshika maiki, Bi Pruett akauliza ukumbi mzima kama kuna anayejua kitu kingine nje ya uzio ule, nyumba ya zamani, kisima, kaburi. Alisema wazi kwamba ikiwa kipo, sheria inawataka wasimame, waje wataalamu wa kuchimba taratibu kwa brashi, na pengine njia ichorwe upya. Muda wake, alisema, ni miaka, si miezi.

Nikaona vichwa vinainama. Zéline, ambaye kaka yake mdogo amelala pale, alianza kukunja leso yake na kuikunjua. Alcide alikuwa ananitazama mimi.

"Na wewe, mama," Bi Pruett akanigeukia kwa upole. "Wanasema unaishi jirani na kanisa. Nyuma ya uzio kuna nini?"

"Miti tu," nikasema.

Wakaandika. Watu wakapiga makofi, na Alcide akanishika bega wakati narudi kwenye kiti. Nilipokaa nikatoa mkono mfukoni, nikaona shanga za rozari zimeniacha alama vidoleni.

Nilirudi nyumbani kwa njia ya nyuma ili nisipite kwa Elmire, lakini yeye amekaa barazani kutwa, macho yake ni kama ya korongo. Aliniita. Akataka kujua wamesemaje. Nikamwambia wamesema hawatagusa kaburi hata moja. Kila neno nililolitamka lilikuwa limesemwa kweli ukumbini, na bado lilikuwa uongo. Elmire akafanya ishara ya msalaba, akashukuru Mungu, akanituma jikoni nikachukue chupa ya jemu ya tini aliyoniwekea.

"Na chupa uirudishe," akasema. "Mwaka jana umenifanya niombe chupa kwa watu kama maskini wa Bwana."

Ile jemu niliiweka juu ya jokofu. Sikuifungua.

Jumapili sikwenda kupokea komunyo. Nilibaki nimepiga magoti kwenye benchi wakati wengine wanapita, nikajifanya natafuta ukurasa wa wimbo. Elmire hukaa mbele, padre humletea pale alipo, lakini aligeuza shingo. Baada ya misa, nilipokuwa nikimshika mkono kumteremsha ngazi, aliniuliza nilikula nini asubuhi mpaka nikashindwa kwenda mbele. Nikasema nilivunja mfungo wa komunyo kwa kahawa ya maziwa. Akacheka, akasema uzee unanitia ulafi. Hivyo nikawa na uongo wa pili, tena mlangoni mwa kanisa.

Jumamosi iliyofuata nilijipanga kwenye foleni ya kitubio. Ilipobaki mtu mmoja mbele yangu nikatoka. Nilijua padre ataniambia nini. Uongo ulioandikwa na ambao bado unaweza kufutwa, haitoshi kuulilia ndani ya kisanduku. Na Bi Pruett alikuwa amesema maoni yatapokelewa mpaka Jumapili ya Matawi, akatuachia namba yake ya simu, tena akairudia mara mbili kwa ajili ya wazee. Kwaresima ilikuwa imeshafika nusu.

Nikaenda kwanza kwa Alcide. Nilimkuta gatini, anashona wavu wake wa kuvulia kamba uliochanika. Nikamwambia lazima nikayafute maneno yangu. Hakuinua macho.

"Yapi?"

"Unayajua."

"Miti ipo au haipo, shemeji?"

"Alcide."

Akaweka sindano ya wavu chini. Alizungumza kwa sauti ya chini, kwa sababu maji hubeba maneno. Aliniuliza kama nakumbuka zile taa za gari la wagonjwa. Nikasema nazikumbuka kila ninapofumba macho.

"Basi sikiliza. Wale Wadogo hawana haraka. Wenye haraka ni sisi. Kimbunga hakitawangoja watu wa brashi, na kila msimu unaopita kuna mtu atakaa kwenye foleni kama alivyokaa kaka yangu. Huyo mtu utamchagua wewe?"

Nikageuka kutazama maji. Niseme kweli, swali hilo mpaka leo ninalo.

"Kama ni dhambi," akasema akiuchukua tena wavu, "nipe nusu yake niibebe." Na hakuwa akitania.

Nilitoka pale nikiwa nimeshashawishika nusu. Kama njia ya nyumbani isingepita mbele ya baraza la Elmire, pengine ningelala nayo wiki nyingine, na nyingine, mpaka Matawi yakapita. Lakini alikuwepo, beseni la kamba liko mapajani, anamenya. Akaniambia nivute kiti nimsaidie. Sikuvuta. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, maana nilijua nikikaa nitaanza kupunguza. Nikamwambia barabara itapita wapi. Nikamwambia niliulizwa nini, na nilijibu nini.

Elmire aliendelea kumenya. Kichwa huku, gamba kule.

"Miti tu," akasema.

"Ndiyo."

"Na gauni ulishona wewe."

"Ndiyo, shoga."

"Usiniite shoga sasa hivi."

Akamaliza kamba waliobaki mkononi, akafuta vidole kwenye aproni, kimoja kimoja.

"Unajua kinachoniuma, Odalie? Si barabara. Barabara naitaka. Na miguu hii, nani anaitaka kuliko mimi? Maji yakija, mimi ni wa kubebwa kama gunia. Ungekuja kuniuliza, huenda ningesema wapite. Huenda ningesema mtoeni kwanza, mpelekeni ndani kwa wenzake, halafu mpite. Sijui ningesema nini. Hata hilo la kujua ningesema nini, umeninyima. Watu wa serikali wametoka mjini wakaja na ramani kutuuliza. Wewe, nyumba ya pili, hukuniuliza."

Nilitaka kupiga magoti. Akaniambia nisijisumbue, sakafu imemwagikiwa maji ya kamba, nitanuka mpaka Pasaka. Kisha akageuka kutazama upande wa kanisa. Kutoka barazani kwake mialoni inaonekana juu ya mapaa.

"Chokaa unayo?" akauliza.

Nilikuwa na gunia lililobaki Novemba. Usiku sikulala, ila si kitu kipya hicho. Asubuhi nilimpigia simu Bi Pruett, nikamwomba aje atembee tena nyuma ya uzio kabla hajafunga ripoti yake. Aliuliza kuna nini. Nikasema akija ataona, kwa sababu kwa simu ningelia, na kulia kwangu walikuwa wameshakusikia ukumbini kukawapotosha.

Kwa hiyo katikati ya Kwaresima, wakati hakuna mtu mwenye akili anayepaka makaburi, nilikoroga chokaa kwenye ndoo, nikamfikisha Elmire mpaka chini ya mialoni, nikamkalisha kwenye kiti cha jikoni. Yeye hawezi kuinama. Mimi nilipiga magoti, nikaanza kuondoa majani na udongo kwa mikono, na yeye akinielekeza kwa fimbo yake. Pale. Si pale, karibu na mzizi. Umepita, rudi. Magamba yalikuwa yamezama, lakini yalikuwepo. Nilipofikia duara la mtoto wake nilijua kabla hajasema, kwa sababu fimbo ilitulia.

Nilipaka gamba moja moja. Chokaa ilikuwa inanichoma mikwaruzo ya vidole nami nikaiacha ichome.

Baadaye kidogo akaja Zéline na brashi yake. Hakutusalimu. Alikwenda moja kwa moja chini ya mti wa mwisho, akapiga magoti, nikasikia anamwita kaka yake kwa jina la utani ambalo sikujua kwamba mtoto yule aliwahi kuwa nalo. Pikapu ya Alcide ilipita barabarani polepole, ikapunguza mwendo karibu isimame, kisha ikaenda.

Bi Pruett alipofika, weupe ulikuwa bado unang'aa kwa maji. Vilikuwa viduara vidogo, vingine havizidi mdomo wa ndoo, vimetawanyika chini ya miti hadi kwenye vibendera vya wapima barabara, na vingine vilipita vibendera. Alivua kofia. Alitembea akichagua pa kukanyaga.

"Hapa niliambiwa kuna miti tu," akasema mwishowe.

"Mimi ndiye niliyekwambia," nikamjibu. "Nilijua, na nilikudanganya."

Alinitazama. Nilikuwa nimejiandaa kugombezwa, na ningeshukuru. Hakunigombeza. Aliuliza tu kama pale ukumbini kulikuwa na wengine waliojua. Nilitazama chokaa kwenye kucha zangu. Elmire akagonga fimbo chini.

"Usimuulize huyo tena. Niulize mimi. Yule pale ni wangu."

Bi Pruett akachuchumaa mbele ya kile kiti, ili macho yao yalingane, akamuuliza. Elmire alisema kama mtu aliyeyapanga maneno tangu alfajiri. Aandike kwamba wapo. Aandike kwamba mama wa yule pale anaitaka barabara. Na aandike kwamba kabla tingatinga halijafika, mtoto wake atolewe kwa mikono ya watu, aingizwe ndani ya uzio, padre akiwepo, na yeye mwenyewe akiwepo, hata kama itabidi abebwe.

"Nitaandika," Bi Pruett akasema. "Lakini mama, kila familia itabidi iulizwe kama nilivyokuuliza wewe. Wengine huenda wakakataa. Na hilo ndilo linalokula muda."

"Basi liache liule huo muda," akasema Elmire.

Barabara haikuanza mwaka ule. Mwaka huu pia haijaanza. Habari zilifika kila nyumba kabla ya Matawi, na mimi nilijua zimefika kwa jinsi dukani walivyokuwa wakinihudumia haraka, bila hadithi. Siku ya Pasaka Alcide hakuniita kula kwake, jambo ambalo halikuwahi kutokea hata nilipokuwa na matanga. Kitubio nilikwenda, na padre akanipa maondoleo, nami nayaamini, kwa kuwa ni ya Mungu, si ya padre. Elmire alianza tena kuniita shoga, ila kwanza akadai chupa yake. Nilikula ile jemu kwa kijiko nimesimama jikoni, ili niweze kuirudisha.

Mwezi wa Juni wa mwaka ule ule upepo wa kusini ukaanza. Ilikuwa dhoruba ndogo, haikustahili hata kuitwa kimbunga, lakini mchana simu ililia na ilikuwa sauti ya Alcide, kwa mara ya kwanza tangu gatini.

"Shemeji, maji yameanza kulamba lami. Mchukue Elmire, ondokeni sasa hivi."

Nilimpakia Elmire kwa shida, yeye akinitania kwamba ninamvuta kama ng'ombe aliyezama. Tulipofika kwenye kona iliyo chini zaidi, maji yalikuwa yanapita juu ya barabara, ya kijivu, na mistari ya rangi haikuonekana. Niliendesha kwa kufuata nguzo za umeme. Mahali alipofia Ovide, Elmire aliweka mkono wake juu ya mkono wangu kwenye usukani. Magurudumu yalikuwa yanachota maji, nami nikiyasikia chini ya miguu.

Tulitoka. Kwenye nchi kavu kuna kituo cha mafuta, wengi hupita tu na kuendelea kaskazini. Mimi niliingia pale, nikageuza gari litazame tulikotoka, nikazima injini.

"Unafanya nini?" Elmire akauliza.

Nikamwambia nangoja wengine. Magari yalikuwa yanatoka kwenye maji moja moja, taa zinawaka mchana kweupe, na kila moja nililitambua. Zéline na binti yake. Mwenye duka. Padre na mbwa wake. Kila lililotoka nilisema Salamu Maria moja, na kila nafasi iliyokaa wazi baina ya gari na gari nilisikia sauti ya Alcide kule gatini ikiniuliza kama atakayebaki nitamchagua mimi. Mvua ikazidi. Ikafika wakati hakuna lililotoka tena.

"Wamekwisha?"

"Bado Alcide. Yeye huwa wa mwisho."

Elmire akatoa rozari yake, tukaanza pamoja. Tulikuwa tumefika mbali kwenye shanga nilipoona taa mbili, chini sana, kama zinaelea. Pikapu ilipanda kutoka majini taratibu, maji yanamwagika kutoka kila tundu. Alcide aliniona, akaja akasimama ubavu kwa ubavu, akateremsha kioo. Alikuwa ameloa mpaka kifuani. Alinitazama, akamtazama Elmire, akageuka kutazama nyuma kule ambako barabara haikuonekana tena.

"Safari hii tumetoka wote, shemeji," akasema. "Safari hii."

Akapandisha kioo akaondoka. Nilibaki nimeshika usukani mpaka Elmire aliponiambia niwashe gari, kwamba miguu yake inapata baridi.